Mahali ya Odeta

Jua lilikuwa linazama tulipofika njia panda ya Usagara, watu watatu tumebanana mbele kwenye kirikuu cha kuazima, kigari cha mizigo. Tulikuwa tunakwenda kuangalia spika. Basi. Bendi imechoka kukodi vyombo vya watu, inataka vyake, inamfuata muuzaji. Hakuna shughuli ya kawaida kama hiyo. Ningejua, ningeteremka palepale kwa wauza mahindi nikarudi Kiseke kwa miguu.

Naitwa Rozina Agutu. Mimi ni Mjaluo wa Rorya, mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na kwa miaka sita nilikuwa mwimbaji wa Sauti ya Kiseke, bendi ndogo ya kipaimara, sendofu za kumuaga bibi harusi, na harusi zenyewe. Niliianzisha mimi na Alexander, mpiga gitaa wetu. Aliyeshika usukani jioni ile ni Machibya, fundi mitambo, Msukuma mpole asiyependa maneno mengi. Katikati yetu alikaa Gladness.

Huyo Gladness nilimleta mwenyewe. Alikuja Mwanza mjini kutoka Sengerema mwaka juzi, nikamsikia akiimba huku anafua, nikamwambia njoo uwe unaniitikia. Kuitikia tu. Nikamfundisha kushika maiki, nikampa gauni langu la kitenge la kupandia jukwaani. Haukupita mwaka, watu wakinikuta sokoni wakawa wananiuliza, "Madamu, Jumamosi mnakuja na yule binti?" Gauni likawa limempendeza kuliko lilivyowahi kunipendeza mimi.

Nisiseme uongo. Nilimwonea wivu, na haukuwa wivu wa kuuma na kupita. Nililala nao, nikaamka nao, nikaenda nao darasani nikawatandika wanafunzi maswali magumu. Hata pale kwenye kirikuu Gladness alikuwa anaimba kwa pua tu, mdomo umefungwa, na Machibya akapunguza mwendo ili amsikie vizuri. Nikageuza uso dirishani nikatazama mashamba ya mpunga.

Mchana ule tulikuwa tumeshapita dukani mjini. Alexander alikuwa amesema mwanzilishi ndiye achague, na Machibya anishauri. Machibya akanipeleka kwenye spika mbili nyeusi, za wastani, na mikisa ya njia nane.

"Usitazame ukubwa, madamu," akaniambia. "Bendi yetu ndogo, kumbi zetu ndogo. Tazama kama spika inasema ukweli. Spika mbaya inakupamba. Nzuri inakutoa ulivyo."

Nikaimba. Ikanitoa nilivyo. Sauti nzito, yenye mikwaruzo, imechoka na vumbi la chaki na kupigia kelele watoto tisini kwa darasa. Kisha akaimba Gladness, na watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama mlangoni. Mwenye duka akazima feni ili amsikie.

Nikasema spika zile zina ukali juu, zinaumiza sikio, hatuzitaki. Nilidanganya. Spika zilikuwa nzuri, na ndiyo sababu nilizikataa. Nikatoa namba niliyopewa na mwalimu mwenzangu, ya mzee mmoja wa Usagara aliyekuwa anauza seti nzima, na bei yake ilikuwa ya kushangaza. Ndivyo tulivyojikuta njiani jioni ile.

Mzee Luhaga alitupokea mlangoni, mrefu, amevaa koti kuukuu na kandambili.

"Kalibuni," akasema. "Habali za balabala?"

"Shikamoo, mzee. Nzuri."

"Malahaba."

Nikamsahihisha kimoyomoyo. Ni ugonjwa wangu. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilichekwa sana shuleni, maana kwetu hatuna SH, nilikuwa nasema "naenda sule" darasa zima linaangua kicheko. Nikaapa nitakisema Kiswahili hadi wao wanikome. Toka siku hiyo, mtu akikosea mbele yangu namrekebisha, kwa sauti au moyoni. Jioni ile nzima nilikuwa namgeuzia mzee L zake kuwa R, moja baada ya nyingine.

Vyombo vilikuwa chumba cha nyuma. Spika mbili ndefu kufikia kifua changu, amplifaya, mikisa, maiki nne ndani ya sanduku la mbao. Spika moja ilikuwa wazi. Ya pili ilikuwa imefunikwa khanga mbili. Moja imefungwa juu, na nyingine katikati, kiunoni hivi.

Kulikuwa na harufu mle ndani. Samli. Samli mbichi, ile wanayopakwa maharusi na...

Sikumalizia wazo hilo. Machibya alikuwa ameshachuchumaa anakagua nyaya.

"Vya zamani, lakini vimetunzwa," akasema. Akaunganisha, akawasha. Taa nyekundu ikawaka. Hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo wowote, na vyombo vya mtumba huwa havikosi mkwaruzo. "Moja, mbili. Moja, mbili. Gladness, njoo."

Gladness akaimba ubeti mmoja. Iliyotoka pale si sauti yake. Ilikuwa nyembamba na ya mbali, kama ya mbu nje ya chandarua. Machibya akazungusha vitufe vyote, akabadilisha maiki, akabadilisha waya. Mbu yuleyule. Gladness akaacha, akacheka kwa aibu, akajishika koo.

"Madamu, jaribu wewe."

Nikashika maiki. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia.

Spika ilivuta pumzi.

Ndefu, ya kupitia puani, kama mwimbaji anavyojaza kifua kabla ya kuanza. Nikadhani ni mimi. Nikaimba.

Sijui niandikeje. Ilikuwa sauti yangu, maneno yangu, lakini mikwaruzo yote imepanguswa. Ilipanda nilikokuwa siwezi kupanda tangu usichana, ikakaa huko bila kutetemeka, ikashuka taratibu. Nikaimba beti tatu na machozi yananitoka. Nilipomaliza, Gladness alikuwa ananitazama kwa upendo wa kweli kabisa. "Dada," akasema, "hizi ni zako." Hata wema wake ulinikera.

Machibya alikuwa anakuna kichwa. "Hizi hazisemi ukweli, madamu."

"Labda ukweli ndio huu."

"Sijazipenda."

"Wewe uliambiwa ukague nyaya. Zina kasoro?"

"Hazina."

"Basi pakia."

Hakubisha. Wakabeba sanduku la maiki na mikisa, yeye na Gladness, wakatoka kwenda kwenye gari. Nikabaki na mzee. Mwanga wa dirishani ulikuwa umebaki kidogo tu. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya ile spika yenye khanga.

"Huyu hajatolewa mahali," akasema.

Nikaelewa kwamba vyombo havijawahi kuhamishwa hapo. "Hivi, mzee," nikamwambia kwa upole wa kiualimu. "Unasema vyombo hivi, si huyu. Usijali, tutavihamisha taratibu."

Akanitazama kidogo. "Lakini mahali mnatoa?"

"Mahali pameshatolewa."

"Mahali yake ni nani?"

Mahali yake. Ni nani. Nilikaribia kucheka. Mzee wa watu, nikasema moyoni, anataka kuuliza mahali pake ni kwa nani, ngeli zote zimempotea. Na swali lenyewe lilinichoma, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimelipigia kelele wiki nzima. Vyombo vilikuwa viende kuishi chumbani kwa Gladness. Chumba chake kina nondo dirishani na dari haivuji, Alexander alisema, na isitoshe mwimbaji wetu akae karibu na vyombo. Mwimbaji wetu. Mbele yangu.

"Gladness," nikasema.

"Yule binti aliyetoka sasa hivi?"

"Huyohuyo."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua. Ameshafagia na kupiga deki."

Mzee akageuka kutazama mlangoni. Nje Gladness alikuwa anacheka na Machibya kuhusu kitu fulani.

"Na wewe unayemtaja," akasema polepole, "umelidhia?"

"Mzee, mimi nani hata niulizwe? Kila kitu siku hizi ni Gladness. Haya, mpe Gladness."

"Sema umelidhia."

"Nimeridhia."

Akachukua kikombe kilichokuwa kwenye sakafu, akapiga funda la maji, akalipuliza juu ya spika kwa ukungu. Mara mbili. Nikataka kumwambia ataiharibu. Akafungua khanga zile, akazikunja, akanipa. "Msimlaze kifudifudi. Na akigoma, mwiteni Odeta."

Nilidhani amevipa vyombo jina, kama watu wanavyoyapa majina malori yao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kipaimara, Jumapili, Kiseke hapohapo nyumbani. Saa saba mchana, hema limejaa, pilau inanukia. Machibya akasimama mbele, akafanya alichofanya miaka yote.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

"Tatu."

Ilitoka spika ya kushoto. Sauti ya mwanamke, ya chini, karibu sana. Watu wachache wakacheka wakidhani ni utani. Machibya akageuka kututazama, mimi na Gladness. Maiki zetu zilikuwa bado ziko juu ya kiti. Katika kazi hii hakuna fundi anayesema tatu. Unaishia mbili, unarudi moja.

Nikaimba. Na hapo sitajivunga. Wamama waliacha sahani zao. Waliokuwa kwenye sherehe ya jirani waliruka uzio. Kikongwe mmoja alikuja akanishika uso kwa mikono yake miwili akaniuliza nilikuwa nimejificha wapi siku zote. Gladness nyuma yangu aliitikia, na mbu yuleyule akatoka, na katikati ya wimbo wa tatu mbu akakatika. Nikageuka. Alikuwa anameza mate, anajaribu, anameza tena.

Hakuna aliyeuliza habari za yule binti siku ile.

Tulipokuwa tunafungasha, Machibya akanijia. Mkononi alikuwa na kichwa cha waya.

"Madamu, wimbo wa mwisho ulishika maiki ipi?"

"Yangu. Nyekundu."

"Waya wake huu. Niliuchomoa wimbo wa pili, ulikuwa umelegea. Sikuurudisha."

Tukatazamana. Waya ulikuwa unaning'inia mkononi mwake, na harufu ya samli imesimama kati yetu hapo juani.

"Basi usiurudishe," nikamwambia.

Wiki tatu zilizofuata tulikuwa na kazi kila mwisho wa juma. Sauti ya Gladness ilianza kwa kukauka. Akanywa tangawizi na asali. Kisha ile ya juu ikaondoka, kisha ile ya kati. Tukampumzisha. Nilipokwenda kumtazama, alikuwa amekaa kitandani, spika zimesimama ukutani mbele yake kama wageni wasiojua kuaga.

"Dada," akaninong'oneza, "zile zinapumua."

"Ni paka wa jirani."

"Zinavuta pumzi, dada. Hazitoi. Zinavuta tu."

Nikamwambia alale, homa inamsumbua. Hakuwa na homa. Nilimshika paji la uso, lilikuwa baridi.

Kaka yake alikuja akamchukua wakavuka ziwa kwenda kwao Sengerema. Hospitalini walimtazama koo kwa kamera, wakakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari alisema ni kawaida kwa waimbaji na walimu, anyamaze miezi kadhaa, kisha wataona. Alieleza vizuri, na huenda ndiyo habari yote. Mimi mwalimu wa miaka kumi na tisa, mwimbaji pia, koo langu halikuota kitu.

Kaka yake aliponipigia kunieleza, nilikuwa darasani. Nikatoka nje, nikasikiliza, nikasema pole, pole sana. Nikakata simu. Nikasimama pale chini ya paa la bati, na nikafurahi. Nimeandika neno hilo na sitalifuta. Aibu ilikuja pia, lakini ilikuja baadaye, na ilikuja peke yake bila kuambatana na majuto.

Siku iliyofuata Machibya aliniita tukapange vyombo chumbani kwa Gladness, chumba ambacho bendi ilikuwa imekichukua. Ilikuwa saa kumi alasiri. Yeye alikuwa anakunja nyaya kiwiko hadi kiganja, mimi nafuta maiki.

"Madamu. Siku ile Usagara, tulipotoka na Gladness. Mlizungumza nini na yule mzee?"

Nikamsimulia, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamwiga mzee kabisa, L zake zote. Huyu hajatolewa mahali. Mahali yake ni nani. Sema umelidhia. Nikacheka.

Machibya aliacha kukunja.

"Rudia hiyo ya kwanza."

"Huyu hajatolewa mahali."

"Madamu, sisi kwetu R hatuna," akasema. "Wazee hasa. Wewe ni mwalimu, umemsikia anasema kalibuni, anasema balabala. Hilo neno lingine kwa nini hukuligeuza?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaligeuza.

Mahari.

Huyu hajatolewa mahari. Mahari yake ni nani?

Nikakaa kwenye kitanda kitupu cha Gladness. L zote za jioni ile nilizigeuza. Neno moja tu ndilo nililiacha lilivyo, kwa sababu liliniingia sikioni likiwa Kiswahili safi.

Machibya alikuwa ameshatoa simu yangu mezani, akatafuta namba, akapiga, akaweka sauti kubwa. Mzee Luhaga alipokea haraka, kana kwamba alikuwa amekaa nayo mkononi.

"Mwadila, baba," Machibya akamwamkia, kisha wakazungumza Kisukuma. Nilisikia jina Odeta mara nne. Kisha Machibya akasema, "Mwambie mwenyewe, baba. Kwa Kiswahili."

"Odeta ni binti yangu," mzee akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Aliimba na bendi huko Misungwi. Mwenye bendi akakaa naye miaka saba, hakuleta hata ndama. Akafa akiwa kwake. Mimi nikachukua mwili, nikachukua na vyombo, viwe adhabu. Mwili nikazika. Lakini mwanamke asiyetolewa mahali, mama, hana kwao. Kwa baba si kwao, kwa mume si kwao. Akakaa humo alimozoea."

"Mimi sikujua," nikasema.

"Nilikuuliza mala tatu."

"Nilifikiri unauliza pa kuviweka."

Nikasikia jogoo huko kwake, na mtu akitwanga.

"Ningesema ng'ombe, ungeelewa," akasema. "Lakini Odeta ng'ombe angefanyia nini. Mahali yake ni sauti. Wewe ukamtaja yule binti, ukasema umelidhia. Nikamwambia mwanangu, nenda, umepata watu wenye adabu."

Machibya akasogea karibu na simu. "Baba, inaweza kurudishwa?"

"Mahali hailudi. Inabadilishwa, kama ng'ombe mgonjwa anavyobadilishwa na mzima. Aliyetaja ataje nyingine. Mala moja tu. Hata sasa hivi, mimi ninasikia, na yeye yuko hapo nanyi anasikia."

Nikatazama spika. Zilikuwa zimezimwa. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, umechomolewa, kichwa chake kinaonekana. Harufu ilikuwa imeshajaa chumbani.

Machibya akapiga magoti mbele yangu. Sijawahi kumwona amefanya vile, hata kanisani. "Taja lako, madamu," akaninong'oneza. "Gladness ana miaka ishirini na mbili. Sema Rozina. Yule mtoto atapona."

Na nilikusudia. Mungu ananiona ninapoandika. Nilimwona Gladness akifua, akiimba, povu hadi viwikoni, siku ile nilipomsikia mara ya kwanza. Nilijua ninachotoa. Ile sauti nzuri haikuwa yangu hata hivyo. Ningebaki mwalimu wa kunong'ona, ningeandika ubaoni, watoto wangezoea. Nililipanga jina langu ulimini, Ro, zi, na. Nikavuta pumzi...

Chumba nacho kikavuta pumzi, pamoja nami.

"Taja, mama," mzee akasema.

"Gladness."

Lilitamkwa wazi, halikusita. Machibya aligeuka kwanza kutazama spika. Kisha waya sakafuni. Kisha mimi.

Kwenye simu mzee alishusha pumzi. "Basi," akasema. "Mala ya pili hiyo. Mimi sina neno tena." Simu ikakatika.

Machibya alikuwa bado amepiga magoti. "Madamu, nani kasema?"

"Yeye," nikamwambia. "Odeta. Umesikia mwenyewe, ilitoka ukutani."

Akaniamini, au alitaka sana kuniamini. Akafanya ishara ya msalaba, akaokota koti lake, akatoka bila kumalizia nyaya. Hajarudi tena kwenye bendi. Tuna fundi mwingine sasa, kijana wa Nyegezi, na akifanya majaribio yake asubuhi hasemi kitu anachokisikia, kwa hiyo simuulizi.

Mimi nilibaki pale kitandani hadi giza lilipoingia. Nilikuwa nasikiliza, si spika, nilikuwa nasikiliza sikioni mwangu lile neno lilivyokuwa limetoka. Sauti ya Odeta naijua. Imenipanda kooni wiki baada ya wiki, ni laini, haina hata chembe ya vumbi. Iliyosema Gladness ilikuwa nzito. Ilikuwa na mikwaruzo. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyepigia kelele darasa la watoto tisini kwa miaka kumi na tisa, na ilikuwa mara ya mwisho kuisikia.

Siku hizi hata darasani naongea vizuri. Wanafunzi wanatulia, walimu wenzangu wananiambia nimekuwa mpole. Kinachonisumbua ni kitu kidogo tu. Kabla sijasema neno lolote, hata shikamoo, kuna pumzi inavutwa, na si mara zote kifua changu ndicho kinachoinuka.

Juzi mama yake Gladness alinipigia kutoka Sengerema. Wana sendofu ya mdogo wake Gladness, wanaitaka bendi yetu. Nikamwambia tafadhali, watafute nyingine, sisi tuna kazi siku hiyo. Yule mama akasema Gladness mwenyewe ndiye aliyeomba, ameandika kwenye karatasi, yeye anamsomea tu. Hana tena hata mnong'ono. Ameandika kwamba dada Rozina ndiye aliyemlea kwenye uimbaji, na hataki mwingine amwimbie mdogo wake.

"Na anaomba kitu kimoja," mama akasema. "Anaomba akae mbele kabisa, karibu na spika. Anasema toka akiwa huko kwenu Mwanza, akiwa karibu nazo, anajisikia kama bado anaimba."

Nimeshakubali. Tunavuka Jumamosi.